Sindano ya Korogwe na Jando la Mwanangu

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, huku Handeni tunajuana. Nina miaka ishirini na tisa, niliishia darasa la tatu, kwa hiyo wasomaji wanivumilie.

Kifungua mimba wangu ana miaka kumi na tatu. Tangu anatambaa, akijigonga kidogo goti linavimba, na akijikata damu haikati. Ndiyo maana jando limempita. Wenzake wanamwita msungo. Anacheka nao, halafu anakuja kulia jikoni kwangu.

Baada ya mfungo goti lilivimba kama boga. Nikampeleka Korogwe, nikafikia kwa dada yangu, mtaa wa Kilole. Hospitalini daktari Mzungu alikuwa akijaribu dawa mpya kwa wavulana wenye ugonjwa huu. Dresa, msaidizi wake anayefunga vidonda, akanitafsiria: "Mama, nisikufiche, imetoka kwenye damu ya nguruwe. Tena ni ya kujaribu. Haimponyi, inazuia damu siku chache tu, na sindano ya pili mwili unaweza kuikataa. Unakubali?"

Mwanangu akanishika kanga. "Mama, kubali. Nimechoka kubebwa."

Nikakubali. Goti likanywea, tukarudi akitembea mwenyewe. Baba yake alimtazama pale mlangoni, machozi yakamtoka. "Wamempa dawa gani hii?"

"Ya Kizungu," nikasema. Basi. Sisi ni Waislamu, mume wangu ndiye anayeadhini msikitini. Nguruwe nikamtaje vipi? Nikaona haya, nikameza neno lile, na yale mengine ya dresa nikayameza nalo.

Sasa mume wangu anaamini mtoto amepona. Ameshakwenda kwa ngariba. Kila jioni anamtania, "Bwana mkubwa, jiandae, kulia marufuku!" Mama mkwe ameshatenga mbuzi, na mimi namsaidia kuchambua mchele wa sherehe, huku nimeinamisha uso.

Juzi nilimwambia mwanangu nitasema kweli. Akapiga magoti, na lile bovu pia. "Mama, usiseme. Wakijua nina nguruwe mwilini, na jando nisiingie, nitakaa na nani?"

Dresa alisema dawa ikikubali, huenda siku moja wavulana kama yeye watatahiriwa hospitalini bila hatari. Hiyo siku naitamani, ila ngariba hataingoja. Anakuja baada ya mavuno.

Wazazi wenzangu, nimwambieje mume wangu, nianze na lipi? Nijibuni mahindi yangali mabichi shambani.