Gari Lenye Homa

Niapieni kwanza kwamba haya hayatoki hapa, hata kwa jirani! Haya, sogeeni.

Si mnajua siku hizi biashara imeachiwa huru, kila mtu Arusha analeta gari la mtumba kutoka Dubai? Sasa kuna mwuzaji pale Ngarenaro alikuwa na gari dogo la spoti, la zamani lakini linang'aa kama kiatu cha harusi. Akaja kijana wa Kikwe na mama yake. Kijana ameuza kahawa, anataka kumbeba nalo bibi harusi wake Jumamosi.

"Shikamoo mama. Hili halijawashwa tangu jana," mwuzaji akasema. "Sikilizeni litakavyowaka!"

Kijana mkono uko mfukoni tayari. Mama akaweka kiganja kwenye boneti, kama anapima mtoto.

"Baba, limelala tangu jana, mbona lina homa?"

"Ni jua, mama."

"Jua gani, na liko chini ya paa?" Akavuta kiti, akaagiza chai. "Tutangoja lipoe."

Uwiii, mbavu zangu! Lilipopoa likagoma, likakohoa, halafu likatoa moshi wa bluu mpaka kuku wakakimbia. Injini inakula oili, ndiyo maana mwuzaji alilipasha moto mapema! Bibi harusi akabebwa na gari jingine lililokuwa pembeni pale pale, halina mbio lakini liliwaka likiwa baridi.

Kwa hiyo gusa boneti kwanza, ufunguo baadaye. Nani kaniambia? Mwuzaji mwenyewe, mume wangu, juzi tukilisukuma lile la spoti kwenda kanisani.