Hakuokolewa, Alinunuliwa

Siku ile haijanitoka moyoni, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu yameshafutika. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa Sumbawanga mjini, na kila kijana anaota kufungua kibanda. Sisi tulikuwa bado kijijini, tunalima mahindi na ulezi. Kukatoka agizo kwamba kila kijiji kiandae igizo la sikukuu ya Uhuru, kuonesha taifa letu lilivyozaliwa.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Kasiano, alilipokea kwa furaha, maana igizo lilianza na babu yake, mtu aliyeanzisha kijiji chetu. Msafara wa watumwa unapita kwenda pwani. Msichana mmoja anaanguka kwa uchovu. Babu yake Mzee Kasiano anatokea na mkuki, anawafukuza wale wageni wenye kanzu, anampa msichana shamba. Kisha wanakuja wakoloni, kisha Uhuru, kisha tunaimba. Mimi nilipewa kuwa yule msichana, na niliona fahari, nisikufiche. Isitoshe, nilikuwa nimechumbiwa na Oresti, mtoto wa mwenyekiti, na wazee walikuwa wameshakubaliana mahari.

Msichana yule hakuwa mtu wa kubuni. Alikuwa mama mzazi wa bibi yangu Leokadia, aliyenilea. Jioni nilipomsimulia bibi igizo letu, alikuwa anapepeta ulezi. Akauweka ungo chini.

"Gaudensia, huo mkuki wameutoa wapi? Hakuokolewa. Alinunuliwa, kwa ulezi kama huu. Akalimishwa matuta ya watu mpaka akafa, mimi bado nanyonya. Baba yangu naye alikuwa mtu wa kununuliwa. Wanawake walionilea ndio walionieleza."

"Mbona hujawahi kuniambia, bibi?"

"Ningekuambia ili iweje? Uinamishe kichwa kisimani mbele ya wenzako?" Akauchukua tena ungo. "Hata jina lake silijui. Hapa walimwita Tabu. Hilo si jina alilopewa na mama yake huko alikotoka. Ni jina la kupewa na mwenye mali."

Kisha akaniuliza jambo ambalo wazee wachache wangemwuliza binti wa umri wangu. "Nikilisema hili mbele ya watu, ndoa yako inaweza kuvunjika. Ukinikataza, nitanyamaza. Nimeshazoea."

Mwanangu, nilimpenda Oresti. Nikasukuma kuni motoni. Nikamwambia, "Sema, bibi."

Kesho yake tulikusanyika darasani kwa mazoezi, wazee wamekaa kwenye madawati ya watoto. Bibi akasimama, akaeleza yote, bila kupaza sauti. Mwalimu aliyetufundisha igizo akasema kwa upole kwamba kama tunawaonesha watu wa pwani, basi tujioneshe na sisi. Mzee mmoja akamkemea kuwa yeye ni mgeni, hajui ya hapa.

Mzee Kasiano akainuka. "Mama Leokadia, nakuheshimu. Lakini tunasherehekea taifa. Taifa hili limetufanya sote ndugu. Tukianza kusema babu wa huyu alimnunua mama wa yule, kesho watu watakaaje pamoja?"

"Tumekaa pamoja siku zote, Kasiano," bibi akajibu. "Mimi najua, na wewe unajua. Wasiojua ni hawa watoto. Undugu siukatai. Kama sisi ni ndugu kweli, mama yangu ni mama yako pia, usimtungie hadithi. Sitaki shamba la mtu. Semeni tu kwamba alinunuliwa. Na kama yuko anayelijua jina lake, alitaje nilisikie kabla sijafa."

Mwenyekiti alitazama chini. "Hakuna anayelijua," akasema.

Igizo lilichezwa vilevile, na mkuki wake, na msichana mwingine badala yangu. Watu walipiga makofi sana. Hazikupita siku nyingi akaja mshenga kutueleza kwamba uchumba umesimama. Oresti mwenyewe alikuja kuniaga. Alisema baba yake amemwambia hawezi kuoa katika ukoo usiojulikana ulikotoka. Alilia, mwanangu, mwanaume mzima. Akashuka Kabwe, kando ya ziwa, kwenye biashara ya samaki, na huko ndiko alikooa.

Bibi hakuufikia msimu uliofuata wa kuvuna. Siku zake za mwisho aliniuliza, "Umenichukia?" Nilimwambia sijamchukia, na ilikuwa kweli. Lakini nilikuwa nimekonda, naye aliliona hilo, akaondoka nalo.

Miaka ikapita. Nilihamia mjini, nikaolewa, nikafungua kibanda cha mitumba pale Mazwi. Siku moja akaja mzee mwenye fimbo, koti limempwaya. Alikuwa Mzee Kasiano. Nikamwamkia shikamoo, nikampa belo la nguo akalie. Hakuuliza bei ya kitu.

"Aliitwa Mwenya," akasema.

Sikuelewa. Nikamwuliza nani.

"Mama yake bibi yako. Alitoka Marungu, ng'ambo ya ziwa. Bibi yangu ndiye aliyenitajia nikiwa mdogo. Siku ile darasani nilikuwa nalo mdomoni, Gaudensia. Lakini ningelitaja jina, ningekuwa nimekubali na mengine yote."

Nilitaka kumfukuza. Nilitaka kumwuliza kama anajua bibi alifariki akiwa anasubiri neno hilo moja. Badala yake nilimwomba arudie, nisije nikakosea kulitamka. Akarudia. Jumapili nilikwenda kanisani nikamwombea Mwenya kwa jina lake, nikiwa mtu wa kwanza wa uzao wake kufanya hivyo, wakati aliyestahili kuwa wa kwanza yuko kaburini.

Sasa nawasikia ninyi vijana mkibishana. Huyu anasema utumwa ulikuwa wa wageni tu, yule anasema ya kale tuyaache, yatatugawa. Mimi nchi hii naipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini nimeona kilichotugawa. Ukweli wa bibi haukuvunja uchumba wangu. Ulivunjwa na aibu ya watu walioutaka ukweli huo ubaki chini. Kwa hiyo, mwanangu, unaposimulia nchi yetu ilivyoanza, wataje walionunuliwa, na usiwafiche walionunua, hata wakiwa wa ukoo wako. Wajukuu zao hawana hatia, ila wanalo deni la kusema. Na kama kuna jambo unalijua ambalo mwenzako analitafuta, mpe angali hai.

Mungu akupe ulimi usioogopa na moyo usiodharau mtu. Akujalie uzee wenye amani, na wanao wakae na wana wa jirani bila kufichana kitu. Nenda salama, mwanangu.