Koti la Mlimani Katika Jua la Isiolo

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa sokoni, kwa sababu huko nasikia hadithi imeshaongezwa ambulensi, na hakukuwa na ambulensi. Ni kweli nililowa maziwa kifuani mbele ya watu, ni kweli nilikuwa nimevaa koti la barafu mchana kweupe hapa Isiolo, na ni kweli mama mkwe aliniamuru nikamue titi sakafuni kwenye ukumbi wa wenyewe. Hayo nakubali. Mengine ni uongo, na anayeyasema namjua.

Kampuni moja ya kupandisha wageni milimani ilikuja mjini kutafuta mwanamke mmoja wa kufunzwa kuongoza wageni. Nafasi moja tu. Niliitaka hiyo kazi mpaka nikawa naiota, maana nilimaliza kidato cha nne na alama nzuri na tangu hapo kazi yangu imekuwa kuuzia madereva wa malori chai na kuambiwa "mama ongeza sukari" na watu niliosoma nao. Mume wangu mwenyewe anaendesha lori la Moyale, leo yuko kesho hayuko. Mtoto wetu, Ekai, ana miezi sita na ananyonya kama mtu anayelipwa.

Asubuhi hiyo Ekai alikuwa amelala, sikutaka kumwamsha, nikamwachia mama mkwe.

"Narudi sasa hivi, mama, ni maswali tu."

"Haya," akasema, lakini uso haukusema haya.

Tuliokuja kuomba kazi tulikaa kwenye ukumbi wa gesti moja tukisubiri mpaka jua likawa juu kabisa. Waliotuuliza maswali walikuwa wawili, Bwana Mutwiri, Mmeru wa viatu vikubwa vya mlimani, na Kabale, dada Mborana mwenye sauti ya chini. Kila mmoja wetu aliulizwa swali lile lile mbele ya wengine: mgeni akikuuliza ni gani ngumu, kupanda Kilimanjaro au kutembea mpaka kambi ya chini ya Everest, utamjibu nini? Mimi nilikuwa nimesoma kwa simu mpaka bando ikaisha. Nikajibu, nikajibu vizuri, Bwana Mutwiri akaandika, akasema, "Asante mama, unaweza kwenda."

Hapo ndipo ningeenda. Matiti yalikuwa yameanza kuwa mawe, mlango uko wazi. Lakini kitu kilikuwa kinanisumbua tangu nianze kusoma, kwamba kila mtu huko kwa simu anasema lake, na hapa mbele yangu kuna mtu ambaye amefika kote. Nikarudi nikakaa.

"Na wewe mwenyewe, ni gani ilikuumiza?"

Bwana Mutwiri akaweka kalamu chini. "Kilimanjaro. Nililia."

"Si Everest ndiyo mlima mkubwa wa dunia?"

"Everest yenyewe mgeni hapandi, anafika miguuni pake tu. Anatembea karibu wiki mbili kwenda na kurudi, analala kwa nyumba za watu, anakula wali na dengu, mwili unazoea polepole. Kilimanjaro unapanda haraka, unalala kwa hema, na kile kilele kiko juu kuliko hiyo kambi. Kichwa kinapasuka."

"Ulilia kwa sababu ulikimbia," Kabale akasema. "Mimi ile kambi ndiyo ilinimaliza. Unapanda, unashuka mpaka mtoni, unapanda tena, kila siku hivyo, na kikohozi juu. Ukifika unapiga picha, halafu unakumbuka kuna kurudi kwa miguu."

"Kwa hivyo moja inakupiga ghafla na nyingine inakuchosha," nikasema. "Sasa mtu mwenye magoti mabaya umpeleke wapi?"

Wakaanza kubishana wao kwa wao, na mimi nimetoa macho kama nanunuliwa soda, na ndipo huko nje mtoto wa mbuzi akalia akimtafuta mama yake.

(Wanaume watauliza mbuzi anahusikaje. Ulizeni mama zenu.)

Maziwa yakashuka. Blauzi ilikuwa nyeupe. Kando yangu alikuwa Talaso, msichana wa Rapsu, amejitanda mtandio mkubwa wa kutufunika sisi wawili na mbuzi, na ningesema neno moja angenipa, lakini tulikuwa tunagombea kiti kimoja na ningekufa kwanza. Nikanyakua koti nene lililokuwa mezani kwa maonyesho.

"Naweza kujaribu? Nataka kujua uzito wake."

Bwana Mutwiri alifurahi kama bwana arusi. Akanifungia zipu mpaka shingoni. Akaleta kofia ya sufu. Akaleta glavu. Akanivika mkoba mkubwa wa mgongoni, akakaza kamba ya kifuani, na nikaona nyota. Ati nizunguke ukumbi polepole kama nakaribia kilele. Madirishani kulikuwa na vijana wa miraa.

"Huyo anaenda kwa friji?"

"Mama, utuletee barafu!"

Mzunguko wa kwanza niliumaliza. Wa pili nikajikuta nimekaa chini na ukumbi ndio unazunguka. Kabale akanifungua zipu haraka nipate hewa, na kila mtu akaona nilichokuwa naficha.

Mama mkwe akaingia wakati huo huo na Ekai analia mpaka sauti imekauka. Hakusalimia mtu. Nikanyoosha mikono, akamrudisha mtoto kifuani kwake.

"Hapana. Hayo maziwa yamechemka ndani ya hilo koti. Kamua ya kwanza chini, ndiyo umpe."

Kwetu mama akitoka juani au jikoni hanyonyeshi kabla ya kumwaga ya kwanza. Nesi wa kliniki anasema si lazima, lakini mwende mumwambie mama mkwe nyinyi. Nikageukia ukuta, nikakamua, sakafuni, karibu na viatu vya Bwana Mutwiri, naye akiangalia dari.

Ekai aliponyamaza, Bwana Mutwiri akakohoa. "Mama, hukutuambia unanyonyesha."

"Hukuniuliza. Uliniuliza mlima."

"Kazi hii mtu anakaa siku nyingi mbali na nyumbani."

"Wewe una watoto?"

"Watatu."

"Ulipoenda Everest walibaki na nani?"

Nilikuwa na hasira, siwezi kukataa, lakini pia nilitaka kujua. Bwana Mutwiri akainama kukaza kamba za viatu vyake. Kabale alicheka kimya kimya mpaka akafuta macho.

Nafasi alipewa Talaso. Mimi nimeambiwa nirudi mtoto akiacha kunyonya, na bado nikikumbuka natamani kurusha kitu. Nimeapa sitamuuliza mtu swali tena kabla sijanyonyesha. Kuuliza kwenyewe siachi.

Juzi nilikuwa naosha vyombo, mama mkwe amempakata Ekai mlangoni, akaniuliza bila kuniangalia, "Huko mlimani ni baridi sana?"

"Sana, mama."

"Kwa hivyo huko maziwa hayachemki."

"Hayachemki."

Akamfunga Ekai mgongoni kwa leso. "Hema linaingia watu wangapi?"