Sauti ya Shangazi

Watu wakiniuliza kwa nini tuliuza gemu letu, huwa nasema tulichoka. Ni kweli tulichoka. Kila aina mpya ya simu ilipotoka, gemu liligoma, na vijana wakatuandikia matusi utadhani tumewaibia. Umeme ukikatika, chumbani kwetu Viwanja Sitini tulibaki na kompyuta zilizozima, tukipiga mbu. Lakini uchovu ni kisingizio. Tuliuza kwa sababu mimi niliona aibu, na naandika haya kwa kuwa kuyasema kwa mdomo nimeshindwa.

Tulikuwa wawili tu: mimi na rafiki yangu, ambaye baba yake ana duka la vitambaa Mlabani. Yeye alichora, mimi niliandika programu. Gemu lilikuwa la kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Unapanda juu ya dungu, kile kichanja cha miti, katikati ya shamba la mpunga, kwelea kwelea wanakuja kwa wingi usiosemeka, na wewe una kombeo na koo lako basi. Nani aliyekulia bonde hili hajawahi kushinda dunguni akipiga kelele mpaka sauti ikauke? Kila aliyelicheza hapa Ifakara alicheka. Na kilichowachekesha zaidi ni ule mlio wa kufukuzia ndege.

Mlio ule ulikuwa wa shangazi yangu aliyenilea Lipangalala. Kule shambani kila mtu ana mlio wake, na majirani hutambuana kwa huo hata mpunga ukiwa umewaficha. Wa shangazi ulianza chini chini kama mtu anayenung'unika, ukapanda, kisha ukakatika ghafla: "Hoooya-ho!" Nilimrekodi kwa simu akiwa juu ya dungu, mimi nimechutama chini.

"Kwa hiyo watoto wa mjini watafukuza ndege kwa sauti yangu?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Alifurahi mno, akarudia na kurudia bila kuombwa.

Sasa hiyo aibu. Mtaani nilionekana mtu mzima na ndevu zangu, ninayeshinda ndani nikichezea kompyuta wenzangu wakienda kazini. Siku nilipokwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, mzee aliniuliza kazi yangu. Nikasema natengeneza magemu. Akamgeukia mshenga wangu na kumuuliza swali lile lile, kana kwamba mimi sijajibu.

"Ni mambo ya kompyuta, mzee," mshenga akasema, macho yakiwa chini.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwa hiyo kampuni kubwa ya nje ilipotutafuta, ikitaka kununua gemu lote na pia kutuajiri sisi, moyoni nilikubali hata kabla hawajamaliza salamu. Rafiki yangu ndiye aliyesoma mkataba. Alipofika kwenye kifungu cha picha na sauti akasita.

"Na sauti ya shangazi je?"

"Sauti ni sauti tu," nikamjibu kwa ukali. "Au unataka tuzeekee humu chumbani?"

Tukasaini. Ukweni nilirudi na kitambulisho cha kazi kimening'inia kifuani, na safari hii mzee alinivutia kiti mwenyewe. Nilivimba kichwa, sitaki kudanganya.

Kampuni haikulitaka gemu la mpunga. Ililiondoa kabisa, na ile sauti ikaiweka kwenye gemu lake la kubeti. Mchezaji akikaribia kuacha, mlio unamwita arudi. Mimi nilijua. Nilikaa kimya nikijipa moyo kwamba shangazi hana simu ya aina hiyo.

Aliusikia Mlabani, alikopeleka mpunga kukoboa, kwenye simu ya dereva wa bodaboda. Akawaambia wale vijana kwamba hiyo ni sauti yake. Walipombishia, akasimama pale pale barabarani, mbele ya wanawake wenzake wa jumuiya ya kanisani, akaita kwa nguvu zake zote ili waamini. Waliamini. Wakaangua kicheko: "Shangazi, kumbe ni wewe unayetuita tubeti!"

Alinisimulia mwenyewe nyumbani kwake, huku anapepeta mchele, hajainua uso.

"Waambie waitoe, mwanangu."

"Siwezi, shangazi. Kwa mkataba, ile sauti ni mali yao sasa."

"Mali yao?"

"Ndiyo."

Aliendelea kupepeta, na mimi nikaaga haraka kama mtu anayefukuzwa.

Msimu huu mpunga ulipoanza kubeba masuke nilimfuata shambani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba yake vizuri tu, akiwa juu ya dungu. Ndege walipotua akasimama na kufungua mdomo. Kisha akaufunga, akaokota debe bovu na fimbo, akaanza kugonga. Majirani walikuwa wanaita huku na huku, kila mmoja kwa mlio wake. Upande wetu zilisikika kelele za bati tu.

"Shangazi, mbona huiti?"

Alinitazama kwa mshangao.

"Kwani wameniruhusu?"

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anauliza, akidhani mimi ndiye ninayejua. Nilipanda dunguni, nikalichukua lile debe mikononi mwake, nikapiga mimi.