Springi za Watu Wanne

Gari nililonunua lilikuwa limeinuliwa. Wengi hufanya hivyo huku: wanachomeka spesa, vipande vya mpira, juu ya springi ili tumbo la gari lisikwaruze matuta. Ila mwenye gari aliyenitangulia alizidisha. Lilisimama kama mbuzi aliyeshtuka, na kwenye kona liliyumba mpaka nikabana usukani kwa mikono miwili. Kila siku ya kazi nalitoa Pongwe, ninakopanga, hadi ofisini Raskazone, kisha narudi. Nilitaka lishuke kidogo tu, sentimita tatu, lakini libaki laini.

Nilisoma habari za springi kwa wiki tano. Nikajua kwamba springi fupi haikai na shokapu ndefu. Italegea na kugonga. Nikajua kwamba springi laini mno hulala na ngumu mno hukurusha. Niliandika faida na hasara daftarini, nikazikata, nikaziandika upya kwa kalamu ya rangi nyingine, kana kwamba rangi ndiyo iliyonichanganya.

Mama, aliyeko Lushoto, hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada.

"Umeshapata watu huko?"

"Nimepata, mama. Asubuhi tunakwenda kazini wote kwa gari langu."

Hakukuwa na wote. Ulikuwa mwezi wa nane tangu nianze kazi Tanga, na kiti cha pembeni yangu kilikuwa kimebeba begi na chakula cha mchana tu.

Mwishowe nililipeleka gari kwa fundi mmoja Makorora, mzee mfupi ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Lina nini?"

Nikamweleza. Akacheka, akamwita jirani yake mchomeleaji. "Njoo umwone huyu! Watu wanakuja kwangu kuinua, yeye anataka kushusha. Mwanangu, umeshaongea na matuta?"

Nikatoa daftari. Akalishika mbali na macho, akafunua kurasa mbili.

"Hili ni gari au mtihani?" Akanirudishia. "Niambie kitu kimoja. Huwa mnapanda wangapi?"

Lilikuwa swali la kazi. Springi huchaguliwa kwa mzigo. Lakini mchomeleaji alikuwa bado amesimama pale ananitazama, na jibu la kweli nililiona kama kuvuliwa shati mbele yao.

"Wanne," nikasema.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi nikupe zilizoshiba."

Akang'oa zile spesa, akafunga springi ngumu na shokapu za kuendana nazo. Nilipokaa ndani, gari halikushuka hata kidogo. Kwenye tuta la kwanza nilirushwa, begi likaanguka, wali ukamwagika chini. Nilijiambia springi mpya huhitaji muda. Wiki ikapita. Usingizini nikawa najitetea kwa mzee yule: nilisema wanne kwa sababu siku moja huenda tukawa wanne.

Jumamosi nilijaza mchanga kwenye viroba vitatu. Viwili nikaviweka nyuma, kimoja mbele, nikavifunga mikanda visianguke. Gari likakaa chini vile vile nilivyotaka, likapita matuta kama linatembea juu ya godoro. Nilizunguka nalo asubuhi nzima. Niliporudi nyumbani sikuweza kuvishusha. Nilikaa nimezima injini, na vile viroba vimekaa, mpaka kioo kikaingia mvuke. Ndipo nikawasha tena, nikaenda Makorora.

Fundi alifungua mlango wa mbele akaona kiroba kimefungwa mkanda. Akachungulia nyuma.

"Hawa ndio wale wenzako watatu?"

Nikajua atamwita mchomeleaji. Hakumwita. Aliegemea mlango, akangoja.

"Niko peke yangu, fundi. Tangu mwanzo."

"Ungesema, mwanangu. Mimi nilipima watu wanne." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Shokapu zibaki. Springi tunabadili."

Alizibadili kwa laini zaidi. Kisha akavishusha viroba vyote, akaniambia nikae kwenye usukani, mimi tu, naye akapima kwa vidole nafasi kati ya tairi na bodi, gurudumu hadi gurudumu.

"Hapa ni uzito wako. Twende tukalijaribu."

Akakung'uta mchanga kwenye kiti cha mbele, akakaa. Tukatoka. Kwenye tuta gari lilizama, likainuka mara moja, likatulia. Yeye alikuwa akisikiliza sakafu, kichwa kimeinama. Nami nilisikia pumzi ya mtu mwingine ndani ya gari langu.

"Limekubali," akasema. "Geuza."

Palikuwa na nafasi ya kugeuzia. Nikaipita.

"Kuna tuta jingine mbele," nikasema. "Kubwa. Karibu na Pongwe."

"Pongwe!" Akanitazama, kisha akatazama begi langu miguuni pake. Akavuta mkanda taratibu, akaufunga.

"Haya," akasema. "Tukalione hilo tuta."