Niliuponda mchuzi wa kuku wa mke wangu, nikaachiwa jiko nipike mwenyewe

Wakuu, wenye umri wenu shikamooni, wengine mambo.

Hii haina chumvi hata punje. Mke wangu naye yupo humu, nikidanganya atakuja kuniumbua kwenye comments.

Nipo Babati, naishi Bonga na mke wangu na mtoto wetu Brayani. Miaka sita ya ndoa nilikuwa na kaugonjwa kamoja: Mama Brayani akipika mchuzi wa kuku namaliza sahani, nalamba vidole, halafu nasema, "Sio mbaya, ila haufikii wa mama."

Siku moja nikalisema hilo mbele ya dada zake. Nikacheka peke yangu.

Hakununa. Alisema tu, "Jumapili unapika wewe. Wazazi wako nawaalika mimi."

Nikasema poa. Kuku ni kitu gani bwana?

Jumapili nikatoka sokoni na nyanya, vitunguu, tangawizi, saumu, pakiti nne za viungo nisivyovijua hata majina, na jogoo wa kienyeji mwenye shingo ya bondia. Nikachinja, nikafungua video kwenye simu, nikaanza.

Video ilisema nusu saa. Kumbe yule jamaa anapika kuku wa kisasa! Wangu baada ya saa nzima uma haumwingii. Binzari nilikuwa nimeimwaga kwenye mafuta ya moto ikaungua, mchuzi ukawa mchungu kama dawa ya minyoo.

Mama Brayani yuko sebuleni, miguu juu ya meza, anaangalia TV.

Wazazi wakafika kutoka Mutuka.

Baba yangu ni mzee asiyecheka. Utotoni akikohoa tu, sisi uani. Akanusa, akavua koti, akaingia jikoni, akafunga mlango. Nikajua leo nachapwa na ndevu zangu.

"Kitunguu umekikimbiza," akasema.

"Baba?"

"Kitunguu hakitaki haraka. Lete sufuria nyingine."

Akamwaga mchuzi wangu wote bila huruma. Nyama akaiosha, akaibandika upya na maji, chumvi, tangawizi na saumu ya kutwanga. Ilipolainika ndio akakaanga vitunguu taratibu mpaka vikawa vya kahawia, nyanya zikarojeka, binzari kijiko kimoja, kisha nyama na supu yake. Mwisho majani ya giligilani. Pakiti zangu hakuzitazama.

Harufu ikapanda. Wakuu, ilikuwa ile ile ya nyumbani.

"Baba, mchuzi wa mama umejifunzia wapi?"

Baba anakoroga tu. Aliyejibu ni mama, kutoka sebuleni, huku anacheka: "Wa mama yupi? Jumapili zote mimi nilikuwa kwaya! Mimi nilikuwa napakua tu!"

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Ungetangaza shule nzima," baba akasema. "Na mimi nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji."

Nilikaa juu ya ndoo. Miaka sita namsimanga mtoto wa watu kwa mapishi ya mwanaume aliyekuwa anajifungia asichekwe na majirani.

Tulikula saa tisa. Nikaweka mkono pembeni ya sahani, nikasema mbele ya wazazi wangu, "Mama Brayani, nimekukosea. Tena nilikuaibisha mbele ya ndugu zako. Nisamehe."

Akamalizia mfupa wake kwanza, bila haraka.

"Nimekusamehe. Vyombo viko kwenye beseni."

Nikanyanyuka. Baba akanifuata, akakunja mikono ya shati, mimi naosha yeye anasuuza. Wakuu, siku ile tuliongea na mzee wangu kuliko siku zote tangu nizaliwe, na mada ilikuwa vitunguu.

Nilichojifunza: kabla hujampima mkeo kwa mama yako, ulizia vizuri nani alikuwa jikoni. Na jogoo wa kienyeji achemshwe kwanza, msije mkaumbuka kama mimi.

Wenye mababa wapishi wa siri jitokezeni. Mliokuja kunitukana pia karibuni, ila pangeni foleni, dada zake wapo mbele.