Kaa wa Mtoni na Pakiti Nzima ya Chumvi

Niseme tu mapema: kaa niliwaua mimi, kwa chumvi. Pakiti nzima ya jikoni niliimwaga kwenye beseni, nikakoroga na mwiko kama mtu anayepika. Kitabu chetu cha biolojia kina picha ya kaa wa baharini, na kimeandika wazi kwamba anaishi kwenye maji ya chumvi. Bahari mimi sijawahi kuiona. Kaa wangu niliwatoa mtoni, hapa nje ya Malaba. Nikawahurumia, nikawatengenezea bahari. Jumanne asubuhi wote walikuwa chali, miguu juu.

Projekti yenyewe ilikuwa ya kuonyesha kaa wanachagua wapi pa kuishi na kwa nini. Madam wa biolojia alishaniambia mbele ya darasa: "Ijumaa usipoleta, lete mama." Na mama alikuwa ameitwa mara mbili muhula huu kwa sababu ya mdomo wangu. Kila akiitwa anafunga kibanda chake cha chai, pale madereva wa malori wanapongoja kuvuka mpaka wa Uganda. Sikutaka mara ya tatu.

Basi nikarudi mtoni jioni tatu mfululizo, kutoka shule moja kwa moja, viatu shingoni, tumbo tupu. Nilianzia karibu, wanapooshea malori. Niligeuza mawe mpaka kucha zikajaa grisi. Hakuna hata mmoja.

"Boss, kaa wa hapa walienda wapi?" nikamuuliza muosha malori.

"Walivuka Uganda, daktari. Na hawakugonga muhuri."

Kesho yake nikapanda hadi wanapochota mchanga. Maji huko ni kama uji wa wimbi, mawe yamezikwa na tope. Nikapata wawili, wadogo, kwenye shimo la ukingoni. Siku ya tatu nikapanda tena mpaka magoti yakakataa, mahali miti imeinamia maji na mawe yako wazi. Huko chini ya kila jiwe kulikuwa na mwenye nyumba. Mmoja akanibana kidole. Nilikuwa nimechoka hata kupiga kelele, nikakaa tu nikimwangalia.

Ijumaa nikapeleka jedwali la kaa niliowahesabu kila mahali. Madam akalitazama, akanitazama.

"Hapa kwa malori umeandika sufuri. Hata sufuri ni mzaha wako?"

Nikaapa. Darasa likacheka, maana mimi nikiapa ndipo huwa wanacheka. Akaagiza mama aitwe, aje aseme kama kweli nilienda mtoni.

Mama alikuja na aproni yake. Akasema ndiyo, siku tatu nimerudi na tope mpaka masikioni. Kisha akaomba aone jedwali, akalisoma polepole kwa kidole, kutoka juu hadi kule kwenye sufuri. Madam akaniandikia alama zangu.

Tulitembea hadi kwenye lami, mimi nikingojea kugombezwa. Mama akasimama, akavua aproni, akaikunja.

"Hapo kwa malori ndipo nachota maji ya chai," akasema. "Kuanzia kesho tutachota huko juu kwa miti. Na mitungi utabeba wewe."